Mkato wa Mzunguko wa Tatu

Kitabu cha miaka hamsini ya kikundi chetu cha ngoma nilikisoma mpaka nukta ya mwisho. Mimi si mtu wa kupitisha macho juu juu. Diploma yangu niliipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, nikitokea gereji ya mabasi na grisi ingali kwenye kucha. Wanawake wote walikuwamo. Mama Verdelle Gaskins, aliyekianzisha kikundi, alikuwa na kurasa kumi na mbili. Walikuwamo waliokwenda Haiti na Bahia kujifunza hatua, na marehemu Ozella aliyeshona sketi za kuchezea. Hata Mama Lurleen, ambaye hajacheza maisha yake yote, alipigwa picha na sinia lake la makaroni ya jibini. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mmoja: "Tunawashukuru pia wapiga ngoma wetu."

Nimewapigia miaka thelathini na minane.

Nililelewa kwamba mtu hajiombei sifa. Jumamosi nilikwenda darasani kama kawaida, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la fanicha, mtaa wa Hamsini na Mbili, nikawapigia wanawake arobaini: wauguzi, walimu, madereva, mabibi na wajukuu zao. Baadaye tukala wali na kunde pamoja. Mama Lurleen alisema ngoma yangu siku hiyo ililia kama mume aliyefungiwa nje anagonga mlango. Wote walicheka. Nami nilicheka.

Mama Verdelle akanivuta pembeni. Alikuwa na miaka sabini na tisa, goti la kulia limekwisha. Sherehe ya miaka hamsini ilikuwa kesho yake alasiri, na alikuwa ameapa kucheza ngoma ya mavuno ya Guinea, ile aliyomfundisha kila mwanamke mle ndani.

"Baba Leander," alisema, "goti hili lina mizunguko mitatu. Wa nne halina. Wa tatu ukiisha, nikatie."

"Nitakukatia."

"Usije ukanisahau."

"Nimewahi kukusahau lini, mama?"

Mkato ni mapigo machache makali ya mpiga ngoma mkuu. Mchezaji akiyasikia hubadili hatua, au humaliza. Bila mkato hatoki. Sheria hiyo aliiweka Mama Verdelle mwenyewe. Zamani alimrudisha binti yake Charisse katikati ya duara, mtoto analia, kwa kuwa alitoka kabla ngoma haijamruhusu.

Jumapili watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mama Verdelle aliingia na sketi ya manjano ya Ozella. Mzunguko wa kwanza ukumbi mzima ulisimama. Wa pili alikuwa msichana wa miaka ishirini. Wa tatu ulipokwisha akanitazama. Mikono yangu ilijua la kufanya, lakini nikaukumbuka ule mstari, nikasema moyoni: acha angoje kidogo, ajue ngoma inashikwa na nani.

Nikaupita bila kukata. Akawatabasamia watu, akaendelea. Wa nne nikaupita pia, na vifijo vikazidi. Katikati ya wa tano niliona midomo yake imekuwa ya kijivu, nikapiga mkato.

Alimaliza hatua yake safi. Kisha akaja mbele yangu, kama ilivyo desturi ya kuishukuru ngoma, akainama, akagusa sakafu, akapeleka mkono kifuani. Hakuinuka. Charisse na wauguzi watatu wa kikundi ndio waliombeba. Daktari akasema hatacheza tena.

Jumatano nilikwenda kumwona, nimejitayarisha kusema kwamba mikono imezeeka. Hakunipa nafasi.

"Wa tatu ulipopita nilidhani umezeeka," alisema. "Wa nne nikajua ni wewe, si uzee."

Nikamtajia ule mstari.

"Kitabu kile kilikuwa cha wanawake, Leander. Ninyi wanaume mnavyo vingine vyote. Ungeniuliza ningekwambia hivyo hivyo. Tungegombana, ungenuna wiki moja, ungerudi."

Hakuniita Baba.

Wala hakumwambia mtu. Wenzake husema nilipiga vizuri hata Mama Verdelle akakataa kutoka. Kitabu kimechapwa tena, na sasa nina ukurasa mzima wenye picha yangu. Charisse ameandika kwamba ngoma yangu ilimpa mama yake mizunguko miwili zaidi. Aliusoma mbele ya darasa, wakanipigia makofi. Mama Verdelle, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alipiga makofi pia.

Kila Jumamosi darasa likiisha, wanawake huja kugusa sakafu mbele ya ngoma zetu tatu. Yeye huja wa mwisho na mkongojo wake. Hugusa sakafu kwa ncha yake mbele ya ngoma ya kwanza, kisha ya pili. Mbele ya yangu husimama tu, mkongojo umeinuliwa, goti linatetemeka, akinitazama. Wengine hudhani anapumzika.

Mimi hupiga mkato. Ndipo yeye huenda kuketi.