Masikio ya Venant

Venant hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, tena hakuhitaji msaada wa mtu.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja ya kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Kavumu, kwenye ndege ndogo zinazopeleka mchele na sabuni kwenye vijiji vya migodi. Rubani huacha injini moja ikinguruma, maana kuwasha upya ni kazi. Watu wanapakia huku kelele zikiwapiga kifuani na moshi wa kerozeni ukiwajaa puani. Vifuniko vya masikio vilikuwa viwili, watu tisa. Jioni wakikohoa, makohozi ni meusi.

"Matajiri wanasafiri na ndege kwa kiti," Venant alikuwa akiwachekesha wenzake. "Sisi tunasafiri nayo kwa mapafu."

Siku ile kampuni ilileta muuguzi, Aimée, apime masikio ya kila mmoja. Asiyesikia angeondolewa kazini. Venant alijijua. Pikipiki za mtaani kwake Nyawera, zinazompigia honi hata mbuzi, siku hizi zilimpita kama vivuli.

Aimée akamvisha vipokea sauti vya kupimia masikioni, akamwonyesha kwa ishara: ukisikia mlio, inua mkono.

Venant hakusikia mlio hata mmoja. Lakini alikiona kidole gumba cha Aimée kikibonyeza kitufe, na kila kilipobonyeza, yeye mkono juu, kama mtoto anayejua jibu.

"Papa, masikio yako iko ya kijana!" Aimée akasema, akamwandikia kwamba ni mzima. Wenzake wakampigia makofi. Venant akainama kama msanii jukwaani.

Mchana ule ule, gunia begani, alirudi nyuma hatua mbili kuelekea mapanga ya injini yanayozunguka. Josué, mwenzake, alimwita mara tatu. Alipoona haitiki, alimrukia, wakaanguka pamoja. Venant alichubuka kiwiko. Josué, mapanga yalimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Jioni, nyumbani Nyawera, Gisèle mkewe alikuwa akililoweka shati lenye damu ya Josué. Akaliacha, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Papa Gloire, kesho unarudi kwa ule muuguzi. Unamuambia ukweli."

Venant aliyasoma maneno mdomoni mwake, kama alivyozoea.

"Nimuambie, kisha tutakula nini?"

"Josué atakula na mukono gani?"

Venant akajaribu utani, utani ulikuwa umemtoa kwenye mabaya mengi. "Na kwa hii nyumba, maman Gloire, kuko nini ya kusikia? Sufuria zinaimba? Kelele nawaachia nyinyi. Mimi sikupoteza kitu."

Gisèle hakucheka. Alimshika kidevu kwa mkono wenye povu, akausogeza uso wake karibu, akasema polepole, neno kwa neno:

"Mutoto wako Gloire aliacha kukuita tangu Pasaka. Anasema papa alimukasirikia, hamuitikie tena."