Mto wa Kupigia Magoti

Asubuhi ya mtihani Miran alipika wali, mayai na nyama, akapanga kwenye chombo cha chakula, kisha akajipaka poda mara mbili ili macho yasimseme. Supu ya mwani hakuthubutu kuipika. Mwani unateleza, na mtoto akiteleza siku ile, chuo kikuu anakisubiri mwaka mzima.

"Mama, macho yamekuwaje?" aliuliza Yechan, akivaa viatu.

"Vitunguu."

"Bibi ameshashuka mlimani?"

"Hujakaa kwenye dawati atakuwa kanisani. Nenda, baba. Usimchelewee Mungu wala msimamizi."

Bibi Sunrye, mama yake Miran, hakuwa mlimani. Jumatatu moyo ulimzidi akalazwa, na Miran akamwambia mwanawe kwamba bibi yake amekwenda kufunga kwenye nyumba ya maombi kule juu. Jana jioni Bibi alifariki. Hata machozi hayajakauka, Miran alishika simu akawapigia wote waliokuwa na namba ya Yechan, kuanzia kaka yake mwenyewe mpaka mchungaji, kuwasihi wafunge midomo hadi mtihani uishe. Hakuna aliyemshangaa. Katika mji ule mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho huzungumza kwa kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe, na hata ndege za abiria huzuiwa kuruka watoto wanapofanya mtihani wa kusikiliza Kiingereza.

Basi akamwachia kaka yake waombolezaji na maua kule ukumbi wa msiba, naye akaenda kanisani, koti refu likiwa limefunika nguo nyeusi.

Kina mama wa watahiniwa walikuwa wameomba pale kila siku tangu Agosti, majira ya joto kule. Leo waliomba kwa ratiba ya mtihani wenyewe: watoto wakianza somo, mchungaji hupiga kengele na kina mama hupiga magoti, watoto wakila, nao hula. Mto wa Bibi wa kupigia magoti ulikuwa mstari wa tatu, wa zambarau, aliushona mwenyewe Yechan alipoingia sekondari, na katikati ulikuwa na mashimo mawili ya magoti yake. Miran akaingiza yake humo.

"Mama Yechan," alinong'ona Mama Soyul pembeni yake, "nenda kwa mama yako, bwana. Yechan tutamwombea sisi."

"Nimemwambia mtoto kuna mtu kwenye mto huu."

"Kwani Mungu anahesabu viti?"

"Yechan anahesabu."

Mama Soyul akamsogezea kitambaa.

Kengele ya hesabu ilipolia, Miran alifumba macho amwombee mwanawe, lakini kilichokuja ni Jumanne. Kule hospitalini, mama yake alikuwa ameivuta pembeni barakoa ya hewa.

"Niletee Yechan."

"Mama, keshokutwa ana mtihani."

"Dakika moja tu. Nimshike mkono."

"Akikuona hivi atasoma kweli? Alhamisi jioni nitamleta mwenyewe, ukae naye mpaka umchoke."

Bibi alimtazama kidogo, akaicheka ahadi ile kwa upole. "Haya. Asome," akasema, akairudisha barakoa. Hakuomba tena. Angegombana, angelia, Miran angekuwa na la kujitetea. Sasa alikuwa na lile "haya" tu, na lilimuuma kuliko matusi.

Jioni alisimama kwenye lango la shule katikati ya wazazi wenye maua. Yechan alitoka mbio, koti wazi, anacheka.

"Mama! Swali la mwisho la hesabu lilinigomea kabisa. Nikajiambia, tulia, saa hizi Bibi yuko kwenye mto wake. Nikatulia, likatoka! Twende tukamchukue kwanza, magoti yatakuwa yamekufa ganzi. Leo nambeba mgongoni, apende asipende."

"Yechan, baba. Bibi hayuko kanisani."

"Bado yuko mlimani? Mzee mkaidi yule!"

"Hakwenda mlimani." Vidole vyake vilikuwa vikifungua vifungo vya koti, kwa maana mdomo ulikuwa umekataa. Yechan akaiona nguo nyeusi. Kicheko kilimkatika.

"Lini?"

"Jana jioni. Moyo."

Karibu yao baba mmoja alikuwa akimpiga bintiye picha. Yechan alingoja wapite.

"Aliniulizia?"

Miran angeweza kusema hapana. Tangu Jumatatu alikuwa amedanganya kwa ufundi, uongo mmoja zaidi usingemshinda. Lakini alikuwa amechoka, na huyu alikuwa mtoto wake.

"Jumanne. Alitaka nikulete, akushike mkono."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia una mtihani."

Yechan aliutazama mkono wake wa kulia, wenye madoa ya wino wa kujazia majibu. Mama yake aliponyoosha wake aushike, Yechan akautia wake mfukoni.