Mlango wa Kabati la Joto

Sheria ya kwanza ya maabara ile ilibandikwa ukutani kwa herufi nene: usifungue kabati la joto bila sababu. Mtaalamu aliyeibandika alikuwa mwanamke mkali, na mdomo wake haukuwa na breki. Akimkuta msaidizi mpya ameshika mlango wa kabati, alimpasha papo hapo: "Hiki si chungu cha mboga, cha kufunuafunua!"

Safari hii, ndani ya kabati hilo la kukuzia seli mlikuwa na seli za mdogo wake mtaalamu mwenyewe.

Mdogo mtu, ambaye ukoo mzima ulimwita Cherehani kwa kuongea bila kupumzika, mimba yake iliharibika, akasafishwa kizazi, na kule kusafishwa kukamwachia makovu. Utando wa ndani, ambapo mimba hujishikiza, ukabaki mwembamba. Dawa zote ziligonga mwamba. Ndipo akakubaliwa kwenye tiba ya majaribio: anachotwa uboho kwenye mfupa wa nyonga, zinatolewa seli shina, zile zenye uwezo wa kuzaa seli za aina nyingine, zinakuzwa maabara, kisha zinarudishwa kwenye kizazi zijaribu kuotesha ule utando upya. Hakuna aliyemwahidi kitu. Lakini Cherehani akiambiwa "tutajaribu" anasikia "mtoto", na jioni ile ile akaanza kufuma soksi.

Utaratibu ulikataza mtu kushika seli za ndugu yake. Dada mtu alijua hilo vizuri, akajitia hamnazo. Mdogo wake alitumia jina la mumewe, nani angeshtuka? Na angemwachia nani kazi ile, wale wasaidizi wanaosinzia?

Tumpe haki yake, alizikuza vizuri. Kosa lake ni kwamba alizipenda. Asubuhi alifungua kabati, akaweka chupa yenye seli chini ya hadubini, akazitazama zilivyojishikiza na kujinyoosha. Akitoka kunywa chai, anarudi anafungua tena. Siku moja, barakoa ikiwa imeshuka kidevuni, akajikuta ameinama mbele ya mlango ulio wazi, anasema nazo: "Hamjambo wanangu? Mama mkubwa wenu nimekuja."

Haikuchukua muda, maji ya chupa yakachafuka kama maji ya kuoshea mchele. Hakuhitaji hadubini kujua kuwa vijidudu vimeingia. Chupa zote zilimwagwa, na aliyezimwaga ni yeye.

"Bahati mbaya tu, hutokea," alisema daktari mkuu, akimpigapiga begani. "Tunaruhusiwa kumchota mara moja tu zaidi. Utazikuza wewe, maana mkono wako nauamini."

Maneno yale yalimchoma kuliko matusi. Angeweza kunyamaza, na bahati mbaya ingebeba lawama. Lakini alijijua. Alijua kwamba hata safari ya pili, nafasi ya mwisho ya mdogo wake, angefungua tu. Hata akila kiapo, angefungua.

Alimkuta Cherehani amelala ubavu kwenye kochi, nyonga bado inamuuma, sindano za kufumia mkononi.

"Dada, karibu! Hebu nipe habari za hao wangu. Shemeji yako ananiuliza mpaka nimechoka, kama vile mimi ndiye ninayewalisha huko!"

"Zimekufa," alisema dada mtu. Akaogopa kwamba asipoendelea hapo hapo hataendelea kabisa. "Nimeziua mimi. Sikuruhusiwa kuzigusa, nikazigusa. Nilikuwa nafungua kabati kila mara kuzitazama. Nikasema nazo bila barakoa."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Cherehani alinyamaza. Uzi ukaanguka chini na hakuna aliyeuokota.

"Ulisema nazo nini?"

Dada mtu akamwambia. Aliona aibu kuliko kama angekutwa anaiba.

"Zimetoka mwilini mwangu," alisema Cherehani taratibu, machozi yakimtiririka hadi kwenye mto. "Nimelia pale kitandani zikichotwa. Na sijaziona hata mara moja, dada. Hata mara moja. Wewe ukawa unaenda kuzisalimia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kesho utamwambia daktari kila kitu."

"Nitamwambia. Hataniruhusu tena hata kukanyaga mlangoni."

"Basi ukae nje," alisema Cherehani. "Ukae nje usubiri, usijue kitu, kama mimi."

Dada mtu akaitikia kwa kichwa, akasimama aondoke. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake, kavu, haina hata chembe ya utani.

"Njoo kwanza unigeuze. Peke yangu siwezi, inauma."

Akarudi, akamshika nyonga ile iliyochotwa, akamgeuza.