Mbegu ya Suusa

Mbegu ya suusa ya Mama Jawahir ilitoka naye Biliqo siku alipoletwa Kiwanjani kuolewa. Kila maziwa ya ngamia yakishachacha na kuwa suusa, alibakisha kidogo ya kuchachushia mengine, na hakuna ukame uliowahi kumnyang'anya. Sasa amekwenda kumwona mjukuu, na kibuyu amemwachia Siham, mke wa mwanawe.

"Chunga mbegu," alimwambia. "Hayo mengine ni maziwa tu."

Siham alikuwa amesikia redioni habari za kipindupindu, akayachemsha maziwa mpaka yakafoka. Hapo hakukosea. Alikosea kwa haraka: wateja wake wa suusa wako mlangoni, naye akayamwaga yakiwa na mvuke juu ya mbegu yote.

Asubuhi akafungua. Hakuna povu, hakuna ukali. Akanusa tena. Harufu ya moshi wa kufukizia kibuyu tu.

Kinya, jirani anayekaanga mandazi, akachungulia. "Uliyamwaga moto?"

"Moto kidogo."

"Kidogo! Wewe, hamira nikiitia maji moto, mandazi zinalala kama chapati. Hizo ni vitu ziko na uhai. Umezipika, mpenzi."

Siham akakifunika kibuyu. Mama mkwe anarudi kesho, na mbegu ya ujana wake imekufa! Akapitisha wateja kichwani mmoja mmoja, nani hamalizi suusa haraka, kisha akajitanda shuka na kutoka mbio.

"Salaam aleikum, Mzee Elmi. Ile suusa uliimaliza?"

"Aleikum salaam. Siku hizi muuzaji ndiye anaombaomba?" Mzee akacheka. "Imebaki kwa friji. Lakini ni baridi kama moyo wa mke wangu."

"Nakusikia!" sauti ikatoka jikoni.

Siham akarudi na chupa ameifunga tumboni kwa leso, akiamini amebeba maiti.

"Baridi haiui," Kinya akamwambia. "Inalaza tu. Ngoja ziamke."

Safari hii alingoja. Alidondosha maziwa mapya aliyochemsha kwenye kifundo cha mkono mpaka hakusikia moto wala baridi, ndipo akayachanganya na ile suusa ya chupa. Kibuyu akakiweka karibu na jiko, sio juu yake, akawa anakigeuza kama mtoto anayelala.

Kesho yake kiputo kimoja kilipanda. Kingine. Harufu kali ikamchoma pua, tamu kuliko udi. Siham akabaki ameduwaa. Vidudu visivyo na mkono wala jino vimeyageuza maziwa yote, na ukali wao wenyewe ndio unaofukuza vile vya kuoza!

Mama Jawahir alifika na vumbi la lori kwenye nyusi, akaonja, akafumba macho.

"Mama," Siham akasema, "ile yako niliiunguza. Hii nimeomba kwa Mzee Elmi."

Mama akaonja tena.

"Ni ile ile. Ilitoka hapa, imerudi hapa." Akachukua chupa mbili, akazijaza. "Hii mpelekee Elmi, hii Kinya. Siku nikiiunguza mimi, nijue pa kubisha hodi."