Nyonga ya Fundi Lusenge

Sikutambua siku lori la Kitsa liliponyamaza. Ninakaa Mususa, hapa Butembo, ukuta mmoja na gereji ya fundi Lusenge, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiamshwa na mlio wa gurudumu la nyuma la lori hilo likishuka kuishika barabara ya Beni. Mtu hutambua kelele inapoanza; inapokoma, huendelea kunywa chai yake. Haya ninayoyaandika niliyapata baadaye kwa waliokuwapo, na sehemu nyingine niliisikia mwenyewe, kwa kuwa ilifika wakati kila mtu aliweza kuisikia.

Asubuhi hiyo Lusenge alikuwa amelala chali juu ya katoni, chini ya lori. Kitsa, mwenye lori na dereva wake, alikuwa amechoka kuchekwa. Kila alipoingia maegesho ya Beni, madereva wenzake walimpokea kwa swali lile lile: “Kitsa, leo umebeba nguruwe ngapi?”

Roulement, yaani beringi, ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imekauka. Ilikuwa ya aina isiyo na mahali pa kuingizia grisi: ili kuipaka ilibidi kuvua gurudumu na kuvuta ekseli nzima, kazi ambayo Kitsa hakuwa na subira nayo. Kwa hiyo Lusenge aliamua kuiwekea graisseur, ile chuchu ndogo ya chuma ambayo pampu ya grisi hushikizwa juu yake. Alitafuta nafasi kati ya joint mbili, zile pete za mpira zinazozuia grisi, akapiga alama. Alipaka grisi kwenye ncha ya keekee ili chembe za chuma zinate hapo badala ya kuangukia ndani, akatoboa polepole, akachonga hesi, akaifunga chuchu. Upande wa chini alichonga mfereji mwembamba ili grisi ya zamani ipate pa kutokea bila kuisukuma joint na kulowesha breki. Ilikuwa kazi safi.

Mama Katungu alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akitazama. Alikuwa na shamba la kakao kando ya barabara ya Kamango, mbele ya Beni. Alikuwa amekuja Butembo kumletea dada yake ndizi, na sasa alingoja lori hilo hilo limrudishe.

“Fundi, unaifanya nini?”

“Ninaitia mafuta, mama. Haitalia tena.”

“Aa, hapana. Itakuwa mubaya. Siye ba kule tunaijuaka kwa ile kilio.”

Alichosema kilikuwa kweli. Wanawake wa mashamba yale hawangoji gari kando ya barabara, kwa sababu kando ya barabara ndiko wenye mapanga huwatafutia watu. Hujificha ndani, chini ya mikakao, na lori likipita jioni hutoka tu wanaposikia sauti wanayoijua.

“Si Kitsa atapiga honi?” alisema Lusenge kutoka chini ya lori.

“Honi, hata mwizi anapigaka. Na moteri, zote ni moja, za basoldat, za bale bengine ba mapanga. Lakini ile kilio, nani ataiiga? Achaka kidogo, fundi.”

“Kidogo namna gani?”

“Kidogo ya kusikia tu.”

Lusenge alijua kwamba roulement haina kidogo: ama inalia, ama hailii. Lakini kwa malezi ya kwetu, mama wa umri ule haambiwi hapana kwa jambo dogo. Huitikiwa, naye huridhika, na kazi huendelea.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Nitaacha kidogo.”

“Wasingya,” alisema Katungu, yaani asante kwa Kinande, akaanza kumenya ndizi.

Lusenge alipobana pampu mara ya mwisho, grisi nyeusi ilitoka kwenye mfereji, na nyuma yake ikatoka kelele. Ilikuwa nzito kuliko alivyotazamia. Aliipangusa pamoja na grisi kwa kitambaa, akakitia kitambaa hicho katika mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kushoto, akaenda kunawa mikono.

Lori liliondoka bila sauti nyingine ila ya injini. Katungu, aliyeketi mbele pamoja na dereva, alisikia injini tu, akadhani kwamba ile kidogo iko nyuma, kwa watu wa nyuma.

Juma lililofuata alizikwa Beni. Kitsa aliwabeba waombolezaji wa Butembo, na Lusenge alikwenda nao. Alipokuwa akitembea nyuma ya jeneza, nyonga yake ya kushoto ilianza kulia: ule mlio mrefu, mkavu, unaopanda mwishoni kama swali. Watu waliokuwa njiani walisogea pembeni, kama mtu anavyopisha lori. Wanawake wa barabara ya Kamango, waliokuwa wameketi kwenye mkeka kando ya kaburi, walisimama wote pamoja na kuinama kutafuta mabeseni yao. Walipokumbuka kwamba hawakuja na mabeseni, waliketi tena.

Falonne, binti wa marehemu, ndiye peke yake ambaye hakusimama.

“Papa Lusenge, ni weye unalia hivyo?”

“Ni kiuno.”

“Mama alituambia uliahidi kuacha kidogo.”

“Ndiyo.”

“Basi ni ile. Tulikuwa sote ndani ya kakao, mvua ilikuwa inanyesha. Akasema, kama ni kidogo, lazima kukaribia. Siye tukabakia nyuma. Yeye akaenda mupaka pa barabara, apate kusikia muzuri. Camion ya Kitsa ikapita. Tukasikia moteri, hapana kilio. Tukalala chini. Naye, najua, akalala chini. Kisha akaendelea kuingojea.” Alikunja khanga yake magotini. “Bale bengine bakamukuta pale.”

Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Lusenge alingoja alaaniwe. Falonne alimwomba asogeze mguu, kwa kuwa alikuwa amekanyaga leso yake.

Nyumbani, Rébecca, mkewe, aliizoea nyonga hiyo upesi kuliko yeye. Alisema kwamba sasa angalau anajua wakati wa kuweka sufuria ya foufou motoni. Kanisani, mwalimu wa kwaya alimhamishia kiti karibu na sauti ya pili, ambayo siku zote ilikuwa ikishuka. Muuguzi wa zahanati aliisikiliza kwa makini, akamwambia kwamba hii ni kelele ya lori na yeye hana dawa yake, akampa ya kuchua misuli.

Lusenge alijaribu kuirudisha. Aliifungua ile graisseur, akaisafisha roulement kwa mafuta ya taa hadi chuma kikawa cheupe, akaifunga ikiwa kavu. Lori lilizunguka mtaa mzima wa Mususa bila kutoa hata mnong'ono. Kitambaa alikifua, akakichoma. Jivu halikuwa na kitu.

“Fundi, unatafuta nini mule?” aliuliza Kitsa. “Niliomba inyamaze, ikanyamaza. Kosa iko wapi?”

“Kosa si yako.”

“Bon. Basi irudishie grisi yake, kabla haijakufa.”

Lusenge aliirudishia grisi. Hakuna aliyemdai lolote. Alikuwa akikaa juu ya lile tairi kuukuu saa za kupumzika, na akisimama alisikia upya jibu alilompa mama Katungu, maana nyonga ililia kila alipohama.

Falonne alikuja gereji msimu wa kakao ulipofika. Alikuwa amelirithi shamba.

“Kakao inaivaka tu, haijue kama mutu amekufa,” alisema. “Bamama banaogopa kutoka. Camion inapita tupu. Kuya na siye.”

“Nilitaka kukuomba pardon.”

“Utaniomba ukiwa unatembea.”

Basi Lusenge alikwenda. Lori lilipoacha lami na kuingia kati ya mashamba, alisimama nyuma, juu ya mbao, akashika kamba na kupiga hatua papo hapo. Nyonga ililia. Sauti ilikwenda mbele ya lori, ikaingia chini ya mikakao, na kutoka humo wanawake walianza kujitokeza na mabeseni vichwani, wakigombezana.

“Papa, kanyaga kwa nguvu, huku kuna batu wana masikio ya uzee!”

“Mwache, ataanguka. Nani ataliaka kesho?”

Walipanda. Kwenye kona moja, Katungu naye alitoka. Khanga yake ilikuwa imelowa mvua ya siku ile, na beseni lake lilikuwa limejaa. Kitsa alipunguza mwendo kama kwa abiria mwingine yeyote. Falonne alimpokea mama yake mzigo, wanawake walisogea, naye akapewa nafasi juu ya ekseli ya nyuma. Hakuna aliyesema neno kuhusu mvua.

Katungu alisikiliza kwa muda, akitabasamu.

“Wasingya, fundi,” alisema. “Bengine hapa walisema umenidanganya. Mimi nilisema, ule mutoto aliitika. Uliacha kidogo.”

Wanawake walitazama mabeseni yao. Falonne alimtazama Lusenge. Lusenge aliendelea kupiga hatua, kwa sababu kulikuwa bado na mashamba mbele.

“Ndiyo, mama,” alisema.

Katungu alishuka mahali pa kuingilia Beni, penye njia ya makaburini, akajitwika beseni lake, na siku ya soko iliyofuata alikuwa tena kwenye kona ile. Hupanda kila mara. Kila mara hushukuru, naye Lusenge kila mara huitikia kwa maneno yale yale.

Barabara ya Kamango haijabadilika. Wanaoua wangali porini, wanaopaswa kuilinda wangali na sababu zao, na hakuna aliyekuja kuuliza jinsi mama Katungu alivyokufa. Kilichobadilika ni hiki: mtu akileta Mususa gari lenye kelele, mafundi humuuliza kwanza ni nani anayeisikiliza, na hawagusi kifaa mpaka ajibu.