Chipsi za Fundi Karai

Mtaani walimwita Fundi Karai, na jina hilo hakupewa kwa hisani, alilitolea jasho. Karai lake lilikuwa jeusi nje, linang'aa ndani kwa kusuguliwa, na humo alikaanga chipsi za mahindi ambazo watoto walizinunua wakienda shule, na watu wazima walizinunua wakisingizia watoto.

Kazi yenyewe haikutaka pupa. Mahindi makavu aliyachemsha kwa maji ya chokaa safi ya kula, akayaacha yalale humo mpaka maganda yalegee. Asubuhi aliyaosha, akayasugua, akayasaga yakiwa bado na maji yake, yakawa donge laini. Donge lilisukumwa likawa jembamba, likaokwa kidogo juu ya chuma cha moto, likakatwa pembetatu, ndipo likaingia kwenye mafuta. Hapo aliamini masikio kuliko macho. Mafuta yakipiga kelele, bado. Yakianza kunong'ona, opoa.

Aliyekata na kufunga pakiti alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Fundi Karai alikuwa na shauku moja tu: rafu ya mbele ya duka kubwa la mjini, ile inayotazamana na mlango, ambako siku zote zilipangwa pakiti za kumetameta zilizotoka nje. Alitaka pakiti yake ikae pale, na jina lake juu yake. Alikuwa amemwendea meneja wa duka hilo mpaka walinzi wakamzoea, na hatimaye meneja, mama mmoja mkavu wa maneno, akasema atakuja mwenyewe aone jiko, aonje, akate shauri.

Siku ya kuamkia ugeni huo, wawili hao walikaa mezani wakichambua.

"Tutoe zile nzima tu, wifi," alisema Fundi Karai. "Zenye pembe kamili. Zilizovunjika zisionekane kabisa."

"Unachagua chipsi kama unachagua mchumba!"

"Mchumba akikushinda unamrudisha kwao. Hii rafu ikinipita, imenipita."

"Haya. Lakini kaka yangu alikuchagua gizani, na mbona mmekaa?"

Wakacheka mpaka chumvi ikamwagika. Zile nzuri wakazipanga katika bakuli la kioo la harusi. Mfuniko wake wa plastiki Fundi Karai aliuona unatia aibu, akauweka kando, akafunika bakuli kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni. Bakuli likakaa mezani, karibu na jiko, ili mgeni akiingia tu alione. Vipande vilivyovunjika vikatiwa kwenye kopo la bati, vikafungwa vizuri, akapelekewa baba mkwe, mwashi mstaafu aliyeishi chumba cha pili. Masikio ya mzee yalikuwa yamechoka, lakini meno yalikuwa yote kazini. Jioni nzima sufuria ya mahindi ikatokota pale jikoni, mvuke ukipanda na kujitawanya upendavyo.

Meneja alifika asubuhi. Alikagua sakafu, akanusa mafuta, akatazama kucha za wenyeji wake. Kisha akafunua kitambaa.

"Zimependeza," alisema, akatia moja mdomoni.

Haikulia. Alitafuna polepole, kama mtu anayetafuna kona ya shuka.

"Ladha ipo, mama," alisema kwa upole uliouma kuliko ukali. "Ila zimelala."

Fundi Karai akaonja. Ililegea ulimini kama karatasi iliyolowa. Akatazama vile vitundu vyote vya kitambaa chake kizuri, akatazama sufuria, akaelewa. Mvuke! Yeye, anayesikia mafuta yakinong'ona, ndiye aliyeziacha chipsi zake zikoge mvuke usiku kucha kwa sababu ya urembo. 

Meneja alikuwa ameshachukua mkoba wake. Ndipo nyuma ya pazia la chumba cha pili ukasikika mlio.

Kau! Kau! Kau!

"Nini hicho?" aliuliza meneja.

"Panya," wifi alirukia, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana alikuwa anaongea na mtu wa duka la vyakula.

"Si panya!" alisema Fundi Karai. "Ni baba mkwe wangu anakula."

"Anakula nini?"

Angeweza kusema ni karanga. Alitamani kusema hivyo. "Hizihizi," akasema. "Zilizovunjika. Sikutaka uzione."

Meneja akaweka mkoba chini, akasogeza pazia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba!" mzee alijibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye juu ya paa. Alipoona mkono wa mgeni unanyooka, akalikumbatia kopo. "Nani kakutuma? Waambie mimi kiinua mgongo changu nimeshachukua, hiki ni chakula changu!"

"Baba, mpe mgeni kidogo," Fundi Karai alimwambia sikioni.

"Kidogo," mzee alikubali, na kweli akampa kidogo.

Kau! Meneja alisimama palepale. Akatafuna. Uso wake mkavu ukafunguka kama dirisha. Akanyoosha mkono tena, na mzee akaguna.

"Hii kitu mmeitoa wapi?"

Sasa Fundi Karai alikuwa na la kusema, maana hilo alikuwa amelisoma kwa mapenzi. "Mahindi yenyewe yalitoka mbali, ng'ambo ya bahari. Watu wa huko waliyachemsha kwa chokaa tangu enzi na enzi, wakayasaga, wakaoka mikate myembamba. Na mkate ukilala ukakauka hautupwi. Unakatwa vipande, unakaangwa."

"Kumbe ni kiporo!"

"Ni kiporo kilichopata heshima," alisema Fundi Karai, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaona haya, akacheka. "Na mimi jana nilivificha vipande kwa mzee."

"Umevificha vibaya," alisema meneja. Kisha sauti yake ikawa ya kazi. "Nitakupa rafu ya mbele. Lakini pakiti ziandikwe jina la duka langu. Wateja wananunua jina wanalolijua."

Wifi alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa. Fundi Karai alimgusa mkono, naye wifi akatulia. Akilini aliiona rafu ile, akaiona pakiti yake imevaa nguo ya mtu mwingine.

"Hapana, mama," alisema. "Leo umeona kosa langu. Zikilala tena, ni mimi wa kulaumiwa, na ni haki yangu. Basi zikilia pia, ziwe zangu. Jina langu, au nizikaangie mtaa wangu kama kawaida."

 Wifi akamfinya mkono.

"Jina gani, basi?" aliuliza meneja.

"Fundi Karai."

Meneja akalirudia kwa midomo bila sauti, kama anayelisoma kutoka mbali. "Litasomeka," alisema. "Lete."

Siku zilizofuata zilikuwa za jasho. Pakiti zilifungwa chipsi zikiwa zimepoa kabisa, nzima na zilizovunjika pamoja, zikapelekwa. Fundi Karai alijiapia kwamba hatakwenda kuchungulia dukani kama mama anayemfuata mtoto shuleni. Akaenda.

Zilikuwa pale, zimetazama mlango. Kwenye foleni mbele yake kijana mmoja wa gereji, mwenye grisi mikononi, alikuwa ameshafungua pakiti kabla ya kulipa, anamgawia mwenzake.

"Onja hizi," alisema. "Vitu vya nje hivi. Huku kwetu nani angeweza?"

Fundi Karai alikuwa amedhamiria kunyamaza. Alivumilia mpaka foleni ikasogea hatua moja.

"Mwanangu," alisema, akinyoosha mgongo, "zimetoka jikoni kwangu. Fundi Karai ni mimi."