Bwawa Lisilojaa

Siku bwawa langu lilipokataa kujaa, watu walinipongeza. Mvua ilikuwa imenyesha dakika arobaini, mvua ya kuchapa bati hadi husikii unachowaza, nami nilisimama juu ya ukuta wa bwawa katika koti la mpira, nikiyatazama maji ambayo yasingemfika mtu magotini. Mlinzi wa bwawa akachungulia kutoka kibandani kwake.

"Hongera, Injinia!" akapaza sauti. "Leo linafanya kazi! Maji yanapita tu, hayatuami!"

Kilemba cha ukoka kinachovishwa kwa moyo mweupe ndicho kibaya kuliko vyote, maana huwezi hata kumkasirikia anayekuvisha. Mimi nilimkasirikia hivyo hivyo. Hasira zangu zipo karibu, kila anayefanya kazi nami anajua.

Kazi yangu ni mitaro. Watu wakisikia injinia hufikiria madaraja na maghorofa. Mimi huamka asubuhi nikifikiria mvua ikishaanguka inakwenda wapi. Juu ya mji wetu kuna kilima ambacho zamani kilikuwa mashamba na vichaka. Mvua ikinyesha, ardhi ilikunywa nusu yake, na nusu iliyobaki iliteremka kwa adabu. Sasa kilima kimejaa mapaa, lami na maegesho ya magari, na ardhi haipati hata tone la kulowesha ulimi. Maji yote, yaangukie bati la nani au uwanja wa nani, yanakusanyika katika mtaro mmoja mkubwa unaoshuka mpaka bondeni. Ofisini tuna ramani ya mistari na rangi inayoonyesha hilo. Lakini ukitaka kuelewa upesi, kichukulie kilima kizima kuwa beseni moja lenye mahali pamoja pa kumwagikia.

Na pale panapomwagikia, hatua chache kutoka mtaroni, ndipo penye chumba cha kushonea cha wifi yangu, dada wa mume wangu. Ana vyerehani vitano na mafundi wawili. Maji yalikuwa yamemwingilia misimu mitatu mfululizo. Kila mwaka wingu la kwanza likitokea, alikuwa akipandisha vyerehani juu ya matofali na kuyafunga majora ya vitambaa darini kwa kamba, na bado maji yalikuwa yakipata cha kuharibu.

Kwa hiyo nikachora bwawa katikati ya mteremko, na baada ya vikao ambavyo sitaki kuvikumbuka, likajengwa. Bwawa lenyewe si la kuhifadhi maji. Siku za jua ni uwanja mkavu, mbuzi wanakula majani humo. Mvua kubwa ikija, maji ya kilima yanaingia, yanakuta ukuta, na ukuta una tundu moja tu chini, la sentimita thelathini. Yanalazimika kujaa na kungoja zamu. Yatatoka yote, ila kwa saa sita au saba badala ya moja, na mtaro wa bondeni utayaweza.

Lilipokamilika nilimwendea wifi nikamwambia mwaka huu ashushe vyerehani.

"Wifi, unaniapia?" akaniuliza.

"Nakuapia. Shusha na majora. Hayo matofali kajengee jiko."

Akashusha. Jumamosi hiyo bwawa lilipokataa kujaa, sare za shule mia mbili zilikuwa zimefungwa mafurushi, zimepangwa sakafuni kwake, zinasubiri kuchukuliwa Jumatatu. Zilikuwa sakafuni kwa kiapo changu mimi.

Baba mkwe ndiye aliyekuwa halitaki bwawa. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi mkuu wa mitaro katika ofisi hii hii, na nusu ya mawe yaliyo kwenye mitaro ya mji aliyapanga yeye kwa mikono yake. Watu humwita Mzee Mteremko, kwa sababu ushauri wake ni mmoja tu, hata ukimuuliza habari za ndoa: toa mteremko, vitu viondoke.

"Mwanangu, umesoma, sikatai," aliniambia siku nilipomwonyesha mchoro. "Lakini maji ni mgeni mbaya. Ukimpa kiti, atataka kitanda."

"Nampa kiti tu, Baba. Kitanda sina."

Alicheka, lakini hakuridhika.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo kulikuwa na mvua ndogo. Bwawa likajaa robo, likashikilia maji mpaka jioni, kama nilivyotaka. Watu wakaja kushangaa. Wakasema injinia kachimba mtaro usiotoa maji. Wakasema tundu lenyewe hata paka mnene hapiti. Kwa kinyozi wakanipa jina, Bi Tundu. Mimi niliwapa vidonge vyao mmoja mmoja, nikaenda zangu. Baba mkwe alikuwepo pale akisikiliza, na hakufungua mdomo kunitetea. Nilijisemea moyoni kwamba naye yuko upande wao, na iliniuma kuliko hilo jina.

Sasa nilikuwa juu ya ukuta, na kipimo cha rangi nilichochora mwenyewe ubavuni mwa bwawa kilisoma sentimita arobaini. Kwa mvua ile na muda ule kilipaswa kuwa kimepita mita moja. Nikageukia upande wa pili, ulipo mtaro wa kushuka. Ulikuwa ukinguruma, maji yamefika karibu na kingo, ya rangi ya udongo, yanakimbia. Bwawa lilikuwa halijai kwa sababu halikuwa likizuia chochote. Maji yote ya kilima yalikuwa njiani kwenda kwa wifi yangu.

Nikatoa simu, nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mafundi wake huondoka saa saba siku ya Jumamosi, kwa hiyo alikuwa peke yake.

Wakati huo huo nikamwona Baba mkwe anakuja juu ya ukuta, na mwavuli wake mweusi, uso umemjaa furaha.

"Umeona?" akasema. "Halijai! Yanapita yote!"

"Baba," nikasema, "nani amegusa tundu?"

Furaha ikamtoka kidogo kidogo. Akaangalia viatu vyake.

"Nimelipanua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mikono. Kisha, kwa kuwa ni fundi na hawezi kusema uongo kuhusu kipimo, akaipanua mikono zaidi. Lilikuwa tundu mara mbili ya langu. Jumapili iliyopita, alfajiri, mtu wa miaka sabini na mbili alishuka ndani ya bwawa na nyundo na tindo akalichonga, na alipomaliza akazisawazisha kingo kwa saruji ili kazi isionekane ya ovyo.

"Walikuwa wanakucheka, mwanangu," akasema. "Nikajua umekosea hesabu. Nikasema nikurekebishie kimya kimya, usije ukaaibika mbele ya watu."

Mkwe hapigiwi kelele. Nimelelewa hivyo, na nadhani ni vizuri. Lakini nilimpigia kelele.

"Sikukosea! Lilikuwa dogo kwa makusudi! Umemfungulia maji mwanao mwenyewe, Baba! Yuko kule chini, simu hapokei, na vitu vyake vyote viko sakafuni kwa sababu mimi nilimwambia aviweke sakafuni!"

Akageuka akautazama mtaro unaonguruma, akaufuata kwa macho mpaka bondeni. Nikaona uso wake unaelewa. Mwavuli ulimtoka mkononi na wala hakuufuata.

"Mlango," akasema.

"Mlango gani?"

"Wa mlinzi. Ni mbao nene. Tuuteremshe kutoka juu, uzibe tundu. Lakini mtu asiingie majini, yatamvuta."

Mlinzi alidhani tumerukwa na akili. Baba mkwe aliokota jiwe, akagonga pini za bawaba mara tatu, na mlango ukamwangukia mikononi.

"Mlango wangu!" mlinzi akalia. "Chai yangu imo humo!"

"Utakunywa na mvua," nikamwambia. "Lete kamba ya kuanikia nguo."

Tukaikata kamba vipande viwili, tukafunga pembe mbili za mlango, kwa fundo lake Baba mkwe, ambalo hadi leo sijalijua. Tukaubeba mpaka juu ya tundu, yeye akashika kamba ya kulia, mimi na mlinzi ya kushoto, tukauteremsha ukilalia ukuta. Ulipogusa maji ulinyakuliwa. Ukapinda, ukakwama upande upande, na kamba ikanichuna kiganja.

"Vuta juu kwako," akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, sauti ya kazini. "Taratibu. Usishindane na maji. Yaache yaulete yenyewe, yataubandika."

Mzee Mteremko ananiambia taratibu! Siku nyingine ningemtania mwezi mzima. Nikavuta taratibu. Mlango ukajinyoosha, ukateremka, na maji yakaupiga ukutani kwa kishindo nilichokisikia nyayoni.

"Niache nafasi kiasi gani chini?" akaniuliza.

"Shubiri moja. Isizidi."

"Shubiri moja," akaitikia, akalegeza kamba, akaikaza, akaifunga kwenye nguzo ya ukuta. Nami nikafunga yangu.

Kwanza hatukuona tofauti. Halafu mngurumo wa mtaro ukapungua. Ulipungua mpaka tukaanza kusikiana bila kupaza sauti. Nikatazama kipimo: hamsini. Nikaendelea kutazama, sikutaka hata kupepesa. Sabini. Tisini. Mbele yetu maji yalikuwa yakipanuka, yakifunika majani na kile kinjia cha mbuzi. Yalipopita mita moja nilisikia machozi yananitoka, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, nikayaacha yatoke.

"Linajaa," mlinzi akasema kwa masikitiko. "Limeharibika tena."

"Likifika mita mbili nipigie simu, zaidi ya hapo litafurika," nikamwambia.

Nikapiga tena kwa wifi. Haikupokelewa. Baba mkwe hakuniuliza chochote, alikuwa ameshaanza kuteremka, nami nikamfuata. Ni mwendo wa robo saa. Tuliukata kwa dakika nane, yeye mbele, maji yanachuruzika kwenye kola ya shati lake. Njiani nilikuwa napiga hesabu bila kutaka. Maji ya dakika arobaini yalikuwa yameshapita kabla hatujaziba, na maji yakipita yamepita. Kama mtaro ulikuwa umefurika tayari, nilikuwa nakwenda kuokota sare zinazoelea, na kumwangalia wifi usoni.

"Nilikosa," Baba mkwe akasema bila kugeuka. "Nilitaka kukusitiri."

"Nimekupigia kelele, Baba."

"Ulipiga chache."

Tukafika. Barabara ya bondeni ilikuwa na maji ya kifundo cha mguu, na juu ya kuta za nyumba kulikuwa na mstari wa tope unaoonyesha yalikofika kabla ya kurudi nyuma. Nikaufuata mstari huo kwa macho, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwenye chumba cha wifi. Kuna ngazi tatu pale mlangoni. Mstari ulikuwa umefika ngazi ya pili. Ya tatu ilikuwa na matone ya mvua tu.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikamwita wifi, hakuitika. Baba mkwe akausukuma mlango na kiganja, tukaingia.

Sakafu ilikuwa kavu. Vyerehani vilikuwa chini, mahali pake, na mafurushi ya sare yamepangwa vile vile. Simu ilikuwa juu ya cherehani cha mwisho, imezimwa sauti, taa yake ya simu zisizopokelewa inawaka na kuzima. Na katikati ya mafurushi, juu ya jora la kitambaa cha buluu, kichwa kimelalia mkono, tepu ya kupimia bado i shingoni, wifi yangu alikuwa amelala. Hakuwa amezimia wala kuugua. Alikuwa akikoroma.

Hasira zangu hazina adabu. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kumwamsha nimuulize simu ni ya nini kama haipokelewi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba mkwe akanishika mkono.

"Mwache," akaninong'oneza. "Misimu mitatu, mvua ikianza tu, huyu halali. Iwe mchana, iwe usiku, hukaa hapo mlangoni na fagio, anatazama maji mpaka ikome. Mama yake alikuwa akimletea chakula hapo hapo."

Sikulijua hilo. Nilijua vitambaa vilivyoharibika, nilijua kina cha maji kwa sentimita, na hilo hakuna aliyeniambia.

Simu yangu ikatikisika mfukoni. Alikuwa mlinzi: mita moja na themanini, na mvua imeanza kupungua. Nikamwonyesha Baba mkwe ujumbe. Akausoma mara mbili, akashusha pumzi ndefu. Kisha akavua viatu vyake vilivyojaa tope ili asichafue sakafu ya binti yake, akaketi kizingitini. Nami nikavua vyangu nikaketi kando yake. Nje mvua iliendelea kunyesha, na nyuma yetu wifi aliendelea kulala.